Barua ya wazi kwa wadhamini wanaofadhili ndege wa Kinangop: masika hayangoji mwaka wenu wa fedha

Nairobi,
Januari.

Kwa Waheshimiwa Mwenyekiti na Wadhamini wa Shirika,
Uingereza.

MINT: UFADHILI WA NYASI ZA KINANGOP NA WAKULIMA WANAOZITUNZA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu kutoka Nairobi. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha kujitolea cha wapenzi wa ndege. Wengi wetu tulifahamiana katika matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, na baadaye tukaanza kupanda matatu kwenda Kinangop kila tulipopata nafasi. Ninyi ndio mliotuunga mkono wakati hakuna mwingine aliyekuwa tayari. Hilo tunalikiri mbele ya watu wote, na shukrani zetu kwa wazee wa huko kwenu wanaotoa pauni chache za pensheni yao kwa ajili ya ndege ambao hawatawaona kamwe ni shukrani za kweli.

Jina la shirika lenu silitaji hapa. Nia yangu si kuwaharibia kwa watu wanaowachangia. Ninyi mnajijua, na wakulima wanawajua.

Tumekwisha kuwaandikia faraghani, kwa Kiingereza na kwa adabu zote. Ofisi yenu ilitujibu kwamba barua zetu zimepokelewa na zitawasilishwa kikaoni. Vikao vimepita, na hakuna neno lililorudi. Sasa naandika hadharani, na kwa Kiswahili, kwa sababu wakulima wa Kinangop wana haki ya kusoma tuliyowasemea. Nakala ya Kiingereza mnayo.

Naomba mnivumilie kidogo nimweleze msomaji wa Nairobi tunazungumzia nini. Uwanda wa Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, umelala kati ya milima ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye kimo cha mita zipatazo 2,500. Viazi vinavyoshushwa kwa magunia pale Marikiti, vingi hutoka huko, pamoja na kabeji, karoti na maziwa. Bwawa la Sasumua, ambalo hutupa sehemu ya maji ya mfereji tunayotumia mjini, liko huko huko. Na huko ndiko ngome kuu ya ndege asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya: mgongo wa kahawia wenye michirizi, koo na kifua vya manjano, na ukucha wa nyuma mrefu ajabu kwa mwili mdogo kama wake. Jina lake la kisayansi ni Macronyx sharpei, alilopewa na Frederick Jackson mwaka 1904. Sisi kikundini humwita kucha-ndefu. Katika orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa kuhifadhi mazingira, yumo miongoni mwa walio hatarini kutoweka.

Ndege huyu maisha yake yote yako chini, nyasini. Hula wadudu anaowaokota ardhini. Anahitaji nyasi fupi zilizolishwa na mifugo, na katikati yake yale mafungu ya nyasi ndefu ngumu ambayo ng'ombe huyapita bila kuyagusa. Kiota chake hukificha kwenye shina la fungu kama hilo. Mkulima akiyang'oa mafungu ili apate malisho zaidi, ndege hana pa kutagia. Akilima kabisa, ndege hayupo tena. Katika viazi hazai. Wala si ndege wa kuruka mbali kwenda kutafuta makao mapya.

Karibu uwanda wote ni mashamba ya watu, yaliyoanza kugawanywa katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960 na kugawanywa tena kwa watoto na wajukuu. Mbuga ya Aberdare iko jirani kabisa, lakini hiyo ni misitu na nyika za juu milimani, haiwalindi hawa wa uwandani. Kwa hiyo mlinzi wa kucha-ndefu ni mtu mwenye ekari tatu, karo ya kulipa, na jirani anayevuna viazi vya Shangi miezi mitatu tu baada ya kupanda.

Mpango tuliouanzisha pamoja nanyi ulikuwa mwepesi kueleweka. Mkulima anaacha sehemu ya shamba bila kulima na bila kung'oa mafungu, anachungia kondoo hapo, nasi tunamlipa kodi ya kila ekari kwa msimu. Kina mama wakauza sufu waliyosokota. Vijana wa pale pale wakajifunza kuhesabu ndege. Makubaliano yalifanywa mbele ya chifu na wazee, kila mtu akisikia. Mpango ulifanya kazi. Ndege walibaki mahali ambapo, kwa hesabu ya kawaida ya Kinangop, wangekuwa wameondoka zamani.

Yanayouvunja mpango huo sasa ni haya.

1. Pesa zenu hufika shamba likiwa limekwisha kulimwa.

Mwaka wenu wa fedha huanza Aprili. Kikao cha kugawa fedha hufuata, kisha mikataba huandikwa upya kana kwamba hatujawahi kufanya kazi pamoja, kisha benki hukagua, na pesa huingia Nairobi Juni, pengine Julai. Lakini masika ya Kinangop huanza Machi. Mwenye nia ya kupanda viazi vya masika hulima Februari, au Machi mwanzoni akichelewa. Katika wiki zile zile ambazo mkulima anaamua kama nyasi zitabaki au zitapinduliwa, sisi hatuna hata shilingi. Tunamwendea na maneno matupu, tukimwambia kwamba wadhamini bado hawajakaa lakini kwa kawaida hukubali.

Miaka ya mwanzo maneno yalitosha, maana walituamini. Msimu uliopita hayakutosha. Mama mmoja, mjane, mwenye ekari tatu za nyasi nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo, alitupigia simu mwishoni mwa Februari. Hakuja na lawama. Alitueleza kwamba mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na kwamba mwenye trekta yuko kijijini wiki ile tu. Aliomba tumtumie angalau nusu ya kodi ili apate cha kumjibu mwalimu mkuu. Tulichanga wenyewe kwa wenyewe, na mchango haukufika nusu. Trekta likaingia.

Pesa za ekari zile zilifika Juni. Tuliwarudishia, kama mkataba unavyotaka, kwa kuwa nyasi zilizopaswa kulipiwa hazikuwapo tena. Na katika ripoti yenu ya mwaka kiasi hicho kimeandikwa kuwa ni fedha ambazo mshirika wa Kenya alishindwa kuzitumia.

Waheshimiwa, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike hadharani. Hatukushindwa. Tuliomba pesa hizo Oktoba, tukaomba tena Desemba, tukieleza kwa kalenda ya mvua ni kwa nini Juni ni kuchelewa. Na mjue kwamba hasara yenyewe haifidiwi na msimu ujao. Mafungu yale ya nyasi hayapandwi kama mbegu ya viazi. Plau ikiyapindua, hayarudi kwa mwaka mmoja wala miwili hata shamba likiachwa wazi. Aliyelima mara moja hana tena sababu ya kutolima mara ya pili. Ekari tatu zile zimekwenda.

2. Mnakataa ushahidi wa malipo ambao Kenya nzima inautumia.

Tangu mwaka 2007 Wakenya tunalipana kwa M-Pesa. Kodi ya nyumba, karo, mchango wa mazishi, ng'ombe sokoni, vyote hupita humo, na kila muamala una namba yake, tarehe, saa, na jina la aliyepokea. Taarifa kamili ya miezi mingi huweza kutolewa na kuchapishwa. Ninyi mnadai risiti ya karatasi yenye muhuri na namba ya mlipa kodi. Mwendesha bodaboda wa Njabini anayempeleka kijana wetu hadi mwisho wa barabara ya tope hana kitabu cha risiti. Bibi wa miaka sabini anayetukodishia malisho hana muhuri. Kwa kuwa sehemu ya mwisho ya ufadhili hulipwa tu risiti zikishakaguliwa, malipo yote ya namna hiyo hubaki juu yetu.

Athari yake imekuwa mbaya kuliko hasara ya mifukoni mwetu. Kidogo kidogo tumejikuta tukinunua vitu vyenye risiti: fulana zenye nembo, mabango, mahema kutoka duka kubwa la mjini. Hivyo hupita kwenye ukaguzi bila swali. Nauli ya kwenda kutazama kama kiota kimesalimika haipiti. Mhasibu wenu ana haki ya kutaka ushahidi, nasi tunataka awe mkali. Tunachoomba ni akubali ushahidi uliopo, ambao kwa kweli ni mgumu kughushi kuliko kitabu cha risiti cha shilingi mia kutoka River Road.

3. Hamlipi watu.

Kanuni yenu inasema hamfadhili mishahara. Vijana waliojua kila shamba, kila jozi ya ndege, kila mzee wa kuzungumza naye kabla ya kuvuka uzio, walikuwa wakipewa nauli na posho ndogo ya siku. Mlipoiondoa posho, mmoja alikuja mjini kufanya kazi ya mjengo, mwingine anaendesha bodaboda. Siwalaumu, wana watoto. Darubini mlizotuletea ni nzuri sana, na ziko kabatini.

4. Picha, ramani na takwimu.

Kuna picha ya mzee mmoja wa mkataba, amevaa koti lililochanika na gambuti zenye tope, akisimama kwenye malisho yake. Alipigwa picha hiyo akitoka kukamua, saa kumi na mbili asubuhi. Mmeitumia kuomba michango, na maelezo chini yake yanamfanya aonekane fukara anayesubiri kuokolewa. Mzee huyu ana ng'ombe wa maziwa, amesomesha watoto, na aliheshimiwa kijijini kwa sababu alikuwa wa kwanza kukubali kuacha nyasi. Aliiona picha kwenye simu ya mjukuu wake anayeishi hapa Nairobi. Hakuna aliyemwomba ruhusa ya kuitumia hivyo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahusu mambo kama haya, lakini hata bila sheria, mtu mzima huombwa ruhusa.

Mmechapisha pia ramani inayoonyesha mashamba yenye viota kwa usahihi unaomfikisha mgeni hadi mlangoni. Msimu uliopita wapiga picha walikuja kwa magari, wakavuka uzio, wakakanyaga mafungu yale yale tunayolipia yasiguswe. Mwenye shamba alitupigia simu akiuliza kama ni sisi tuliowatuma. Tulipata tabu kumshawishi kwamba sivyo.

Na hesabu za ndege zilizokusanywa na vijana wa Kinangop kwa miguu yao, asubuhi za sakitu, zote ziko kwenu. Tulipoomba nakala tuliambiwa tungoje hadi zichapishwe. Afisa wa kaunti anatuuliza ndege wako wapi na wamepungua kiasi gani, nasi hatuna karatasi ya kumwonyesha.

5. Hakuna hata mtu mmoja kutoka Kenya anayeketi pale mnapoamua.

Mnaamua juu ya shamba la mtu bila ya yeye kuwapo. Uwanda ule unalo kumbukumbu la mambo ya namna hii. Mwaka 2016 mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60 uliokusudiwa kujengwa Kinangop ulifutwa baada ya wakazi kuupinga vikali. Sitaki kurudia kesi ile hapa. Nataka tu mjue kwamba watu wa Kinangop si wageni wa miradi yenye pesa za nje, na wanajua kutofautisha anayewashauri na anayewaarifu.

Sasa niseme juu ya majibu ambayo huenda mkayatoa, kwa sababu mengine tumekwisha kuyasikia kutoka kwa maafisa wenu.

Mtasema ninyi ni shirika dogo na wengi wenu mnajitolea. Nasi pia tunajitolea. Udogo wenu ndio unaofanya mabadiliko haya yawezekane: wadhamini wachache, meza moja, uamuzi wa jioni moja.

Mtasema fedha za uhifadhi zimeadimika, hasa tangu Marekani ilipofunga shirika lake la misaada mwaka 2025 na kila mtu akakimbilia kwa wafadhili wale wale waliobaki. Ni kweli. Lakini katika barua hii hatuombi nyongeza. Tunaomba kiasi kile kile kije Januari na siyo Juni, na kisirudi kwenu kwa sababu ya tarehe.

Mtasema serikali ya Kenya ndiyo yenye wajibu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inaupa Serikali wajibu wa kulinda mazingira na kuhimiza wananchi kushiriki, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatambua uhifadhi kwenye ardhi za watu. Tunaibana serikali hiyo, na tutaendelea kuibana. Ila ninyi hamkuja Kinangop kwa niaba ya serikali. Mlikuja kuahidi jambo kwa wakulima, mbele ya chifu wao.

Jibu la nne ndilo linaloniuma, na mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini: kwamba pesa zikitolewa kwa miaka mingi, na bila risiti za muhuri, zitaliwa. Naelewa hofu hiyo inatoka wapi. Sisi wenyewe tunaishi na ufisadi, unatuchelewesha barabarani na unatunyima dawa hospitalini, na hakuna Mkenya atakayewaambia kwamba haupo. Lakini tazameni jinsi mpango huu ulivyo. Kodi ya nyasi hulipwa kwa simu ya mwenye shamba, kwa jina lake. Kiasi cha kila ekari kilitangazwa barazani, kila jirani anakijua, na jirani wa Kinangop hakosi kuuliza. Nyasi zenyewe zinaonekana kutoka barabarani: zipo au hazipo. Kama mnataka ukaguzi, leteni mkaguzi wa Kenya mnayemwamini, achague mashamba yeye mwenyewe, bila kutuarifu. Tumeandika pendekezo hilo mara zaidi ya moja. Kutudhania wezi huku mkikataa njia rahisi ya kuhakikisha si uangalifu wa mali ya wafadhili.

La mwisho mtasema kwamba wachangiaji wenu wanataka kuokoa ndege, hawataki kulipia kodi ya shamba mwaka hadi mwaka. Hapa naomba niwarudishe nyumbani kwenu.

England na Wales zilipoteza takriban asilimia 97 ya malisho ya asili ya nyanda za chini kati ya miaka ya 1930 na 1980. Yalilimwa. Babu zenu waliyaona yakiondoka kama sisi tunavyoona sasa. Kisha nchi yenu ikajifunza. Kuna ndege mdogo wa mashamba ya Devon, Emberiza cirlus, ambaye kufikia 1989 alikuwa amebaki jozi 118 tu. Wahifadhi wenu waliwaendea wakulima wakazungumza nao shamba kwa shamba, na wakulima wakalipwa ili waache mabua yasilimwe majira ya baridi na nyua za miti zisifyekwe ovyo. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Mwaka 2016 zilihesabiwa jozi zaidi ya 1,000. Na mpango wa serikali ulioanza England mwaka 2005 wa kuwalipa wakulima kwa ajili ya mazingira uliwapa mikataba ya miaka mitano, na ile ya ngazi ya juu miaka kumi.

Miaka kumi, Waheshimiwa. Hakuna aliyemwambia mkulima wa Devon aombe upya kila Aprili. Hakuna aliyemwambia kwamba kumlipa yeye si kuokoa ndege. Mlijua, na bado mnajua, kwamba ndege wa mashambani huokolewa na mkulima anayejua mwaka ujao atalipwa nini na lini. Wachangiaji wenu wanajua pia, kwa kuwa wengi wao waliishi wakati wa kazi ile na wanajivunia. Waelezeni kwamba Kinangop ni jambo lile lile. Sioni kwa nini wasielewe.

Kwa wasomaji wa Nairobi nina neno moja. Nyasi zile haziwezi kulindwa na pauni peke yake wakati sisi tunaokula viazi na kunywa maji ya Kinangop tumekaa kando. Kikundi chetu kimeanza mfuko wake mdogo wa dharura wa Februari, wa kuwasaidia wakulima kipindi kile cha trekta. Ni mdogo mno kuubeba mpango mzima, lakini upo, na tunawakaribisha.

Tunachoomba kwa wadhamini ni hiki.

Kwanza, toeni sasa, kabla ya mwisho wa Februari, kodi ya nyasi ya msimu huu kwa wakulima ambao bado wana nyasi. Hili haliwezi kungoja mengine. Kama kikao hakiwezi kuitishwa, mwenyekiti ana uwezo wa kuidhinisha kwa dharura. Tumeisoma katiba yenu.

Pili, wekeni mkataba wa miaka mitano na wakulima hao, malipo yakitoka kila Januari, na masharti ya wazi ya lini mkulima anapoteza haki ya kulipwa.

Tatu, kubalini taarifa za M-Pesa kuwa ushahidi wa malipo, zikikaguliwa na mhasibu aliyesajiliwa hapa Kenya.

Nne, rudisheni posho na nauli za vijana wanaohesabu ndege. Iiteni mnavyotaka katika vitabu vyenu.

Tano, ondoeni picha ya mzee na mwandikieni kumwomba radhi. Ondoeni ramani ya viota. Na mtupe nakala kamili ya takwimu zote, pamoja na muhtasari kwa Kiswahili na Gikuyu ili usomwe barazani.

Sita, tengeni nafasi mbili katika kamati yenu ya miradi: moja ya mkulima wa Kinangop atakayechaguliwa na wenzake, nyingine ya mtafiti wa ndege wa Kenya. Vikao mnavifanya kwa video tayari.

Saba, rekebisheni sentensi ile katika ripoti ya mwaka. Andikeni kwamba fedha zilifika baada ya shamba kulimwa.

Msipokubaliana nasi katika lolote kati ya haya, tuambieni ni lipi na kwa nini. Tutajadiliana. Hatuwezi kujadiliana na kimya. Tumewaambia wakulima kwamba tutakuwa barazani wiki ya mwisho ya Februari kuwaeleza kama kodi ya nyasi ipo au haipo, na tutawaeleza kama ilivyo, pamoja na jibu lenu au kutokuwapo kwake. Ikiwa jibu ni hapana, basi waambieni mapema iwezekanavyo, ili kila mmoja ajipange na mwenye trekta kwa wakati.

Wenu katika kazi,

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wa kikundi, Nairobi.

Nakala kwa:
Wakulima wa mkataba wa nyasi, Kinangop
Vijana waliohesabu ndege, walioko na walioondoka
Wanachama wote